Mraba Juu ya Uso Wangu

Mama akivaa miwani yake ya kazi huacha kuwa mama. Nyumbani ni mtu wa kucheka mpaka mbavu zimuume, mtu wa kunijazia sahani hata nikiapa nimeshiba. Studioni, miwani ikishamkaa puani, sina mama tena. Nina bosi, tena bosi asiyejua neno pole.

Asubuhi hiyo aliivaa mapema.

"Fungua ile ya familia," alisema, akavuta kigoda akaketi nyuma ya bega langu. "Nataka niichapishe kubwa, niiweke dirishani."

Nilikuwa nimeshinda na picha za harusi ya mdogo wangu kwenye kompyuta. Pete zilitoka safi. Maharusi wakicheza, safi. Mama mdogo akilia na kutafuna kwa wakati mmoja, safi kabisa. Ile ya familia nilikuwa nimeiruka makusudi. Niliifungua jana yake nikiwa peke yangu, nikaifunga haraka kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu akamkuta mkwewe ndani. Tangu hapo moyo wangu haukuwa mahali pake.

"Tuanze na za keki kwanza," nilisema.

"Keki nimeila. Fungua ya familia."

"Na mimi nimekuja kwa ajili ya kofia yangu," alidakia Mama mdogo, ambaye alikuwa ameegemea kaunta ya wateja na mkoba wake kwapani. Yeye ni mdogo wake Mama wa tumbo moja, na haipiti siku bila yeye kupita studioni. "Kofia ile nimeihangaikia, jamani. Hata nikifa kesho, picha ya mazishi iwe hiyo."

Nikafungua. Ningefanya nini?

Ikiwa ndogo kwenye kioo cha kompyuta, ilikuwa picha nzuri. Ukoo mzima ulijipanga mbele ya ukumbi, watoto chini kwenye zulia, Bibi katikati kwenye kiti, maharusi pembeni yake, halafu mistari miwili ya wajomba, shangazi na mabinamu. Wajomba wawili waliokuwa wakiishi ughaibuni tangu mimi nikiwa shule ya msingi walikuwepo, tena wakicheka. Mimi nilikuwa pembeni kabisa, nyuma ya wote, juu ya ngazi, na gauni langu la njano. Nilikuwa nimepanga watu mpaka mwisho, ndipo nikakimbilia nafasi iliyobaki.

"Kuza," Mama alisema.

Nikakuza.

"Kuza tena. Nionyeshe uso wa Bibi."

Uso wa Bibi ulikuwa ukungu. Macho yake yalikuwa madoa mawili ya kijivu, na mdomo hukujua unaanzia wapi. Mama alininyang'anya kipanya. Akapita mtu mmoja baada ya mwingine, na kila alipofika palikuwa ukungu. Bibi harusi ukungu, bwana harusi ukungu. Mjomba mkubwa, ambaye ndege yake ilikuwa imeshaondoka, alikuwa ukungu wenye tai.

"Kofia yangu!" Mama mdogo aliruka. "Mbona kama nimejifunika sufuria?"

"Nyamaza kwanza," Mama alisema polepole. Mama akipunguza sauti ndipo pa kuogopa.

Walio mstari wa nyuma walikuwa wamepona nusunusu. Unaona pua, huoni sikio. Mama akaendelea kusogeza, akasogeza, mpaka akafika kwenye ngazi, na hapo mkono wake ukasimama.

Nilikuwa pale, wazi kuliko nilivyo kwenye kioo cha chumbani kwangu. Kope ungeweza kuzitenganisha moja moja. Kijasho cha juu ya mdomo kilionekana, na uzi uliochomoza kwenye bega la gauni. Lakini si hayo yaliyonifanya niifunge jana. Ni macho yangu. Watu wote wanatazama kamera, mimi nilikuwa namtazama aliyeishika. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejua ninachokiwaza.

Mama aliniangalia mimi wa kwenye kioo. Halafu akaniangalia mimi wa kwenye kiti.

"Mkono ulimtetemeka," nilisema haraka. "Shata labda ilichelewa kufunga. Si unajua wanaoanza, wanashika kamera kama wameshika kuku."

"Usinifundishe kazi niliyokufundisha. Mkono ukitetemeka mnafifia wote. Hakuna mkono unaotetemeka kwa ukoo mzima ukatulia kwa mtu mmoja." Akagonga kioo kwa ukucha. "Hii ni fokasi, mahali kamera ilipokazia jicho. Yule kijana uliyempa kamera ni nani?"

"Mwanafunzi wangu."

"Ana jina?"

"Wenzake darasani wanamwita Visima."

"Yule wa kambini?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mama mdogo akaacha kofia yake, akasogea karibu na kutega masikio yote mawili.

Sasa niseme ukweli wangu kabla hajaingia mwenyewe. Alikuja studioni mwanzoni mwa likizo yake, mtu mrefu mwenye viatu vya vumbi, akaniwekea mezani picha alizopiga kazini. Kazi yake ni kuchimba visima vya mashine, leo huku, kesho kule, akilala kambi za kampuni, na ofisi yao inataka picha za kila kisima. Zake zilikuwa nyeusi tupu, kana kwamba alizipigia ndani ya kisima chenyewe.

"Nimenunua kamera ya maana," alisema kwa huzuni, "lakini yenyewe hainitaki."

Nilicheka. Nikamweleza kuwa amepiga akiwa ameelekea jua, kamera ikaona mwanga mwingi wa mbinguni, ikajifinya. Nikamwandikisha kwenye darasa langu la wanaoanza, lile la jioni. Somo la kwanza nilifundisha mambo matatu yanayotawala mwanga: tundu la lenzi, kasi ya shata, na ISO. ISO aliipata upesi. Nilisema inaisaidia kamera kuona palipo na giza, lakini ukiizidisha picha inajaa chembechembe. "Mchanga," alisema, "kama maji ya kisima kipya," na darasa zima likaelewa.

Tundu ndilo linalowatoa jasho wanaoanza. Namba ndogo, tundu kubwa. Namba kubwa, tundu dogo. Halafu tundu likiwa kubwa, ni sehemu ndogo tu ya picha inayotoka kali, walio mbele na nyuma wanafifia. Kila darasa hunikodolea macho hapo. Yeye alikuna kidevu akasema, "Kumbe ni kama visima, Mwalimu. Cha kuchimba kwa jembe ni kipana lakini kifupi. Cha mashine ni chembamba na kinakwenda chini mbali. Tundu pana, kina kifupi. Tundu jembamba, kina kirefu." Nimefundisha miaka na sikuwahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Nadhani ni siku hiyo nilipoanza kujipaka manukato kabla ya darasa.

Hakunitamkia neno. Wala mimi. Alikuwa akibaki nyuma kukunja miamvuli ya taa, tunaongea habari za lenzi mpaka lenzi zenyewe zinachoka. Mara moja nilimshika kidole kumwonyesha jinsi ya kuusogeza mraba wa fokasi, ule unaoiambia kamera nani atoke kali. "Usiiachie kamera ichague," nilimwambia. "Itachagua aliye karibu au anayewaka rangi. Kamera haijui umekuja kwa ajili ya nani. Weka mraba mwenyewe." Kidole chake kilikuwa kigumu kama gome, na kilitulia chini ya changu muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji. Basi, ni hayo tu. Mtu anaweza kuishi juu ya kidole kwa wiki nzima, msinicheke.

Na likizo yake ilikuwa inaisha siku hiyohiyo. Gari la kampuni lingemchukua kumrudisha kambini, na kambi yao mpya ni mbali hata simu haishiki vizuri. Alikuwa ameahidi kupita kuaga na kurudisha lenzi ya mazoezi. Nilikuwa na asubuhi moja ya kujua kama mraba ule aliuweka yeye, au kamera ilijichagulia gauni la njano. Nilitaka kujua kuliko nilivyotaka kuvuta pumzi. Ila sikutaka nijue mbele ya Mama.

"Tundu lilikuwa ngapi?" Mama aliuliza, akifungua taarifa za picha pembeni. Akasoma mwenyewe. "Moja nukta nane. Moja nukta nane kwa picha ya ukoo! Hata mtoto anaweka nane, tundu dogo. Huyu umemfundisha nini?"

"Mama..."

"Hodi," ilisema sauti ya mlangoni.

Alikuwa amevaa shati safi la kunyooshwa, begi begani, lenzi mkononi ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa laini kama nilivyomfundisha. Alitabasamu kunitazama mimi kwanza. Halafu akaiona kompyuta, nami nikaliona tabasamu likimwondoka usoni taratibu.

"Karibu," Mama alisema. "Umekuja kwa wakati wake. Sogea uione kazi yako."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sogea."

Akasogea. Mama akampitisha usoni mwa kila mtu, kama hakimu anayeonyesha vielelezo. Hakumruka hata mtoto mmoja. Kijana wa watu aliinamia kioo, lenzi bado mkononi.

"Kwenye kioo cha nyuma ya kamera ilionekana nzuri," alisema kwa shida.

"Kile kioo kinamdanganya kila mtu. Ndiyo maana mtu anakuza kabla ya kuwaachia watu watawanyike. Unajua wale wajomba wamekuja mara ngapi tangu waondoke? Hii ndiyo mara yao ya kwanza. Bibi anaulizia picha hii kila siku. Nikamwambie nini? Nikamwambie mchimba visima amemfuta?"

"Nisamehe, Mama. Kosa ni langu. Tundu nililifungua sana."

Hapo nikasimama. Tundu hakulifungua yeye.

"Mwongo," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa mno. "Tundu ni langu. Nilikuwa napiga pete na macho ya bibi harusi, nikaweka moja nukta nane. Nikamkabidhi kamera nikasahau kurudisha nane. Nimekimbia kwenye nafasi yangu. Na nilipokiona kile kioo, mimi mwenyewe nilisema safi, nikawaachia watu. Yeye alibonyeza tu."

Mama alinikata jicho. "Wewe mwalimu."

"Mimi mwalimu."

"Aibu."

"Najua."

"Haya. Tundu ni lako." Akabonyeza kitufe, na programu ikachora mraba mwekundu mahali fokasi ilipokuwa imewekwa. Mraba ulikaa juu ya uso wangu, katikati ya macho, sawasawa kabisa. Mama mdogo alitoa sauti ndogo ya "mh!" akaimeza. "Na hii je? Bibi yuko katikati, yuko mbele, ndiye mwenye shughuli. Mraba umefikaje kwenye ngazi, kwa mtu wa mwisho?"

Feni ilikuwa inazunguka, nami nilikuwa naisikia kama treni.

"Labda kamera ilijichagulia," nilisema. "Nilivaa njano, Mama. Ukiiachia kwenye otomatiki inaparamia rangi inayowaka. Unajua mwenyewe." Nikamgeukia yeye, nikamtazama kwa macho yote niliyonayo. "Si ilikuwa kwenye otomatiki? Sema tu. Ilikuwa kwenye otomatiki."

Nilikuwa nimemfungulia mlango mpana. Angesema ndiyo, Mama angeguna, angemtukana mtengenezaji wa kamera, mambo yangeishia hapo. Angeondoka salama, nami ningebaki na heshima yangu. Tena Mama mwenyewe aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliye tayari kulipokea jibu hilo.

"Nataka nisikie kwako," Mama alimwambia. "Mraba uliuweka wewe, au kamera ilijichagulia?"

Nje, gari lilipiga honi. Lilikuwa gari la kampuni, nililiona dirishani, limejaa mabomba kwenye keria. Yeye hakugeuka. Aliweka lenzi mezani polepole, akanyoosha kitambaa chake kwa kiganja, halafu akainua uso.

"Niliuweka mimi, Mama."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana. Ulianzia katikati, kwa Bibi. Nikausogeza kwa kidole mpaka ukafika kwake." Akanionyesha kwa kidevu. "Mwalimu alituambia tusiiachie kamera ichague, kwa sababu haijui umekuja kwa ajili ya nani. Mimi nilijua nimekuja kwa ajili ya nani. Sikujua tundu lilikuwa wazi kiasi kile. Ningejua, ningemwiba yeye peke yake kwenye picha nyingine, nisingewaharibia ya kwenu."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu siku ya visima vipana na vyembamba. Nililiota likisemwa gizani, kwa kunong'ona. Sikuliota likisemwa mbele ya Mama aliyevaa miwani, na Mama mdogo aliyeziba mdomo kwa mkoba.

Mama aliinuka. Ni mfupi, anamfika kifuani, lakini kijana alirudi nyuma nusu hatua.

"Mtu wa kambi," Mama alisema. "Unapanga chumba hapa, unakula kule, unalala pengine. Leo unamsogezea mtoto wangu mraba, kesho gari linapiga honi. Nani atamfuta machozi? Mabomba?"

"Mama, honi si kosa lake," nilisema.

"Wewe sijakuuliza. Au ngoja, nakuuliza." Akanigeukia, na safari hii hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Stendi ya miguu mitatu ilikuwepo ukumbini. Niliibeba mwenyewe. Kamera ina saa yake, unaibonyeza, inajihesabia, inapiga yenyewe. Umepiga hivyo familia za watu kila wiki tangu uanze kazi. Siku ya familia yako ukampa kamera mtu aliyejifunza juzi. Kwa nini?"

Hilo swali sikulitegemea. Nilikuwa nimejipanga kumtetea yeye, sikujipanga kujitetea mimi. Nikafungua mdomo niseme stendi ilikuwa mbovu, niseme muda ulikuwa umekwenda. Nikamwona amesimama pale na shati lake la kunyooshwa. Alikuwa amefunguliwa mlango wa uongo akakataa kupita, sasa mimi ndiyo nipite?

"Nilitaka anitazame," nilisema.

"Nini?"

"Nilitaka anitazame, Mama. Ukumbi mzima nilikuwa nyuma ya kamera, nawatazama watu. Nilitaka mara moja mimi niwe mbele yake, na yeye alazimike kunitazama. Ndiyo maana nilimpa."

Kijana alinigeukia. Hatukugusana, hatukusogeleana, meza ilikuwa katikati yetu na lenzi juu yake. Lakini alinitazama kwa namna ambayo nikajua sihitaji tena programu ya kunichorea mraba.

Honi ikapigwa tena, mara mbili.

Mama alikwenda ukutani. Juu ya droo ya pesa kuna picha iliyokuwepo tangu sijajua kusoma: Mama akiwa msichana mbele ya daraja jipya. Naipangusa vumbi kila Jumamosi. Mama katika picha hiyo amefifia, na wateja wakiuliza huwajibu, "Nilitikisika." Ni baba yangu aliyeipiga. Naye alikuwa mtu wa kambi, kambi za barabara. Alikwenda kazini siku moja kama kawaida yake, akaoa hukohuko, na ndio ikawa mwisho wa habari zake. Sababu ya Mama kuchukia mabegi ya safari ilikuwa inaning'inia pale ukutani.

Aliitungua picha, akaileta mezani, akaiweka chini ya taa.

"Wewe ni mwalimu," aliniambia. "Nisomee."

"Ulitikisika, Mama."

"Soma vizuri."

Nikainama. Nimeipangusa picha ile utoto wangu wote, nikawa mpiga picha, nikawa mwalimu, na sikuwahi kuitazama. Mkono wa Mama ulikuwa umefifia, na mkoba wake, na viatu vyake, na hata ile nguzo aliyoiegemea. Nguzo haitikisiki. Nyuma yake, daraja lilikuwa kali. Ungeweza kuona saruji ilipopigwa na maungio ya vyuma.

"Nilisimama kama mlingoti," Mama alisema. "Hata pumzi niliizuia, nilitaka nitoke mzuri. Na kamera ile haikuwa na otomatiki. Fokasi ilikuwa ya kuzungusha kwa vidole. Alizungusha, akanipita, akafika kwenye daraja, akatulia hapo." Akapitisha kidole kwenye fremu. "Zote alizonipiga ziko hivyo. Niko na maua, maua yametoka. Niko na gari, gari limetoka. Nilikuja kujifunza kazi hii kwa kamera aliyoiacha. Siku niliyoielewa fokasi ndiyo siku niliyoacha kumsubiri."

"Dada," Mama mdogo alinong'ona, "mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekwambia, mji mzima ungejua kabla ya jua kuzama."

Mama mdogo hakubisha.

Mama alisimama akizitazama picha mbili, ile ya mezani na ile ya kwenye kioo. Dereva alikuwa ameshaacha kupiga honi, sasa anaita jina la kazi la mtu wake kwa sauti. Yeye hakutikisika. Alikuwa anasubiri hukumu yake kwa adabu, begi begani.

"Umeniharibia picha," Mama alimwambia hatimaye.

"Nimeharibu, Mama."

"Na wale wajomba hawaji kwa ajili ya picha. Nimewabembeleza miaka yote hawaji. Wanaopanda ndege ni kwa msiba au harusi, na Bibi bado ninamtaka hai. Unanielewa?"

Aliduwaa. Mimi nilielewa mapema, nikahisi masikio yakiwaka moto.

"Sijaelewa vizuri, Mama."

"Jamani, wanaume!" Mama mdogo alipiga paja. "Anakwambia ukoo haukusanyiki tena mpaka kuwe na harusi nyingine. Na katika mabinti wa nyumba hii amebaki mmoja."

Mama alimnyamazisha kwa mkono. "Sijasema nimekubali. Kambi bado siipendi, na nitaipinga mpaka nichoke. Mtoto wangu hawezi kuolewa na simu isiyoshika. Likizo ijayo, kama bado unaukumbuka huo mraba ulipouweka, njoo na wazee wako, tukae tuzungumze unaishi wapi na unarudi lini. Njoo na wazee. Usije na kamera."

"Nitakuja, Mama."

"Wote husema hivyo."

"Najua. Mimi nitakuja."

Akaisukuma lenzi kuelekea kwangu, aniachie. Nami nikairudisha kwake. "Nenda nayo," nilisema. "Piga visima vyako. Weka nane, zote zitoke kali. Ukirudi utanirudishia."

Aliipokea. Vidole vyetu vilikutana chini ya kile kitambaa, Mama akiona, na hakuna aliyeondoa mkono haraka. Halafu akaaga, "Kwaherini," akatoka akikimbia. Dirishani nilimwona akipanda garini chini ya mabomba, akigeuka, akiitafuta sura yangu kwenye kioo cha dirisha kilichojaa picha za wateja. Aliiona. Gari likakata kona likapotea.

Nilibaki nimesimama dirishani. Nyuma yangu nilisikia Mama akirudisha picha ya daraja, lakini hakuitundika. Aliiweka kwenye droo, akaifunga. Msumari ukabaki mtupu ukutani.

"Harusi hiyo ikija kuwepo," alisema, "nani atapiga?"

"Sijui, Mama."

"Stendi ndiyo itapiga. Tutaweka nane, tutabonyeza ile saa, halafu tutakimbia wote tukajipange. Sitaki mtu abaki nje ya picha."

Kisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akafuta na macho, akaniangalia.

"Umekula wewe?" aliuliza. "Tangu jana hujala, nimekuona. Njoo ukae."